Kipya Kinyemi: Namna ya Kuyapima Maua Mapya ya Bustani

Wazee wetu walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Neno hili lawafaa watu wote, lakini nadhani halimfai mtu ye yote kama limfaavyo mpenda bustani. Kila mwaka wauza mbegu hutoa pakiti mpya zenye picha za kupendeza. Pakiti moja yasema kwamba ua lake ni kubwa kupita yote; nyingine yasema kwamba ua lake halichoki kuchanua; ya tatu yaahidi rangi ambayo haijapata kuonekana. Mpenda bustani huiona picha, moyo wake ukavutwa, akafungua kibindo, akalipa. Baada ya miezi mitatu huenda akawa na tuta lililofanana na picha ile. Huenda pia akawa na vijiti vyenye majani makavu. Fedha imekwenda, na msimu umekwenda; tena fedha yaweza kutafutwa upya, lakini msimu uliopita haununuliwi.

Leo nataka kueleza jinsi aina mpya za maua ya msimu zinavyopimwa kabla ya kusifiwa, na jinsi sisi wenyewe tuwezavyo kuzipima katika bustani zetu na za shule. Nisemapo maua ya msimu nakusudia mimea ile ambayo huota, ikakua, ikachanua, ikatoa mbegu na kufa katika muda usiozidi mwaka mmoja, kama zinia, kosmosi na marigoldi. Na pamoja nayo mimea mingine ambayo kwa asili yaweza kuishi zaidi, lakini watunza bustani huipanda kwa msimu mmoja tu, kama petunia.

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Haya ni maua tu. Hayaliwi." Ni kweli, hayaliwi. Lakini wako watu wengi wapatao riziki yao kwa kuuza miche ya maua kando ya barabara, na aina mbaya huwatia hasara kama vile mbegu mbaya ya mahindi imtiavyo hasara mkulima. Tena, njia ya kulipima ua kwa haki ndiyo njia ya kupima maharagwe, mtama na mpunga. Mwanafunzi aliyejifunza kuhukumu bila upendeleo katika tuta la zinia hatadanganyika upesi atakapoletewa mbegu ya chakula yenye sifa nyingi.

Kwanza na tutazame walivyofanya wengine. Katika Uingereza kiko chama cha watunza bustani kiitwacho Royal Horticultural Society, kilichoanzishwa mwaka 1804. Mwaka 1903 chama hicho kilipewa bustani huko Wisley, katika jimbo la Surrey, zawadi ya Sir Thomas Hanbury, na huko aina nyingi za maua na mboga zimepandwa bega kwa bega ili zilinganishwe. Mwaka 1922 chama kiliweka tuzo kwa mimea iliyothibitika kuwa mizuri katika bustani za watu wa kawaida. Jambo moja la tuzo hiyo lastahili kuangaliwa: haitolewi kwa milele. Kila baada ya muda orodha huangaliwa tena, na mmea uliopitwa na aina bora zaidi, au ulioanza kushindwa na magonjwa, waweza kuondolewa. Sifa ya jana haimlishi mtu leo.

Huko Marekani mwanzo wa jambo hili ulikuwa mwaka 1932. Bwana W. Ray Hastings wa mji wa Atlanta, aliyekuwa mkuu wa chama cha wauza mbegu wa majimbo ya kusini, alishauri yawepo majaribio ya nchi nzima, ambayo matokeo yake yataaminiwa na kila mtu. Likatokea shirika liitwalo All-America Selections, na aina za kwanza zilizoshinda zilitangazwa mwaka 1933. Mpaka leo shirika hilo lafanya kazi, likiwa na mashamba ya majaribio sehemu nyingi za Marekani na Kanada. Kosmosi iitwayo Sensation, iliyoshinda mwaka 1936, ingali inauzwa na kupandwa hata sasa. Basi yafaa tujifunze kanuni zao, kwa kuwa kanuni hizo ndizo zilizowapa watu sababu ya kuwaamini.

Kanuni ya kwanza ni hii: aina mpya haipimwi peke yake. Hupandwa karibu na aina nyingine inayofanana nayo, ambayo imekwisha kuuzwa na kujulikana. Kama zinia mpya ni nyekundu na fupi, basi jirani yake ni zinia nyekundu na fupi iliyo bora katika zile za zamani. Mwamuzi haulizwi, "Je, ua hili ni zuri?" maana maua karibu yote ni mazuri, na swali hilo halina mwisho. Huulizwa, "Je, hili lapita lile, na kwa jambo gani?" Huenda likapita kwa rangi, au kwa umbo, au kwa harufu, au kwa kuchanua siku nyingi zaidi, au kwa kustahimili ugonjwa, mvua na jua. Swali la namna hii lina jibu, na watu wawili waliosimama mbele ya tuta moja waweza kuhojiana juu yake wakapatana.

Kanuni ya pili ni kuficha jina. Aina inayojaribiwa hupewa namba tu. Mwamuzi hajui ni ya kampuni gani wala imeitwaje. Wahenga walisema, "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Mwuza mbegu ataisifu mbegu yake, na rafiki yake ataisifu pamoja naye, hata bila kukusudia udanganyifu wo wote. Moyo wa mtu huongoza macho yake. Namba haina ukoo, haina rafiki wala adui. Kwa hiyo mwamuzi hana budi kuutazama mmea wenyewe. Nasi walimu tunalijua jambo hili, kwa maana mtihani husahihishwa kwa haki zaidi wakati jina la mtahiniwa lisipoonekana.

Kanuni ya tatu ni kutazama msimu mzima. Waamuzi hawafiki siku moja tu, siku ya maua kuwa katika fahari yake, wakatoa hukumu na kwenda zao. Hutazama miche ikiota, hutazama ua la kwanza, hutazama mimea baada ya mvua kubwa na wakati wa joto kali, na hutazama tuta linapoanza kuchoka. Kisha hutoa alama, kuanzia 0 mpaka 5, ikilinganishwa na ile aina ya zamani. Alama za mashamba mbalimbali hukusanywa na kutafutiwa wastani, na zile zenye wastani wa juu ndizo huweza kushinda. Zilizoshindwa hazitangazwi kwa majina, wala hazifedheheshwi hadharani. Hilo nalo lina hekima, kwa kuwa huwapa watengenezaji wa mbegu ujasiri wa kuzileta kazi zao zihukumiwe.

Hapa yapasa niongeze kanuni ya nne, ambayo haikutoka kwa wauza mbegu bali kwa wanahesabu. Kaskazini ya London kiko kituo cha majaribio ya kilimo kiitwacho Rothamsted, kilichoanzishwa mwaka 1843. Mwaka 1919 alifika huko kijana mwanahesabu, Ronald Fisher, akatazama majaribio ya miaka mingi, akaona kwamba shida kubwa ya mjaribu ni udongo. Hata shamba dogo halifanani kote. Pembe moja ilikuwa na kichuguu zamani. Pembe nyingine hupokea maji ya paa. Upande mmoja hupata kivuli cha mwembe kuanzia saa tisa. Ukipanda aina mpya penye kichuguu na ya zamani penye changarawe, ile mpya itashinda, lakini aliyeshinda hasa ni kichuguu.

Dawa ya Fisher ilikuwa mambo mawili: kurudia na kupiga kura. Kila aina ipandwe mahali pengi, wala si mahali pamoja; na nafasi ya kila aina ichaguliwe kwa kura, wala si kwa mapenzi ya mpandaji. Mwaka 1935 aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake kiitwacho The Design of Experiments, na tangu hapo majaribio ya kilimo ya dunia nzima yamefuata njia hiyo.

Tuone kwa hesabu ndogo kwa nini kurudia kuna nguvu. Tuseme aina mbili ni sawa kabisa, hapana iliyo bora. Ukizipanda mahali pamoja tu, lazima moja itaonekana imepita nyingine kidogo, na uwezekano kwamba ni ile mpya ni 1 katika 2, kama kurusha sarafu. Ukizipanda mahali 4, uwezekano wa ile mpya kushinda pote panne kwa bahati tu ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani 1 katika 16. Ukizipanda mahali 6, uwezekano huo washuka kuwa 1 katika 64. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Niliipanda mara moja ikashinda," amekuambia kidogo sana. Akikuambia, "Niliipanda mahali sita ikashinda pote sita," keti umsikilize.

Lakini wastani nao una hila zake. Tuseme kwa mfano tumezipima aina mbili kwa wiki sita tangu zianze kuchanua. Aina ya kwanza ilipata alama 5, 5, 4, 2, 1 na 1. Aina ya pili ilipata 3 kila wiki. Jumla ya kila moja ni 18, na wastani wa kila moja ni 3. Je, ni sawa? Mwenye kutaka kupamba ua wa nyumba kwa ajili ya arusi ataichagua ya kwanza, ahesabu siku zake vizuri, na arusi yake itang'aa. Mwalimu atakaye uwanja wa shule upendeze muhula mzima ataichagua ya pili. Wastani umewaambia wote wawili neno moja, hali haja zao ni mbali mbali. Kwa sababu hii mjaribu mwema huandika alama za kila wiki na kuzihifadhi, wala hatupi daftari baada ya kupata jumla.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi zaidi, nalo ni mahali. Mwaka 1995 petunia iitwayo Purple Wave ilishinda katika majaribio ya Marekani. Ilikuwa na sifa mpya kweli: badala ya kusimama ilitambaa chini, ikienea upana wa futi 3 au zaidi hali kimo chake kilikuwa kama inchi 6 tu, na zulia hilo lote likajaa maua ya zambarau. Watu wengi waliipenda, na ilistahili kupendwa. Walakini wachunguzi wameona kwamba petunia hiyo hutaka mchana mrefu ndipo ichanue vema. Huko London, mwezi wa Juni, mchana hupita saa 16. Kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 tu mwaka mzima. Basi mtu wa Kisumu au wa Mwanza akiipanda mbegu hiyo kwa kuamini tuzo, huenda akapata majani mengi na kungoja maua kwa muda mrefu sana.

Na kinyume chake kipo. Kosmosi, na zile marigoldi ndefu ambazo Waingereza huziita za Kiafrika ingawa asili yake ni Meksiko, hupenda mchana mfupi. Kwetu aghalabu huanza kuchanua mapema, hata kabla mimea haijarefuka. Waamuzi wa Marekani hawakumdanganya mtu. Waliulizwa habari za Marekani, wakajibu habari za Marekani. Hata ndani ya nchi moja mambo hubadilika: Nairobi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi; Mombasa iko pwani, na joto lake halilali. Ua lipendalo Nairobi laweza kunyauka Mombasa. Kwa ajili hiyo shirika lile la Marekani lenyewe, tangu mwaka 2013, limekuwa likitangaza pia washindi wa sehemu moja moja ya nchi, pamoja na washindi wa nchi nzima.

Nataka sasa nieleze habari za ua moja ambalo asili yake ni kwetu, maana habari zake zafundisha kupita maneno yangu yote. Katika misitu yenye unyevu ya Afrika ya Mashariki, tangu Kenya mpaka Msumbiji, huota mmea mdogo wenye shina la majimaji na maua bapa mekundu au ya waridi. Wataalamu waliuita Impatiens walleriana, kwa heshima ya Horace Waller, mtu wa misheni aliyefika pande za Zambezi na Shire. Jina hilo lilitolewa mwaka 1868. Baadaye Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka mbegu kwenye bustani ya Kew, na mwaka 1882 mmea ulioota ukapewa jina la pili, Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Na aliyetawala wakati huo alikuwa Seyyid Barghash. Hatimaye ikajulikana kwamba mimea hiyo ni jamii moja, na kwa desturi ya wataalamu jina lililotangulia ndilo lililobaki.

Ua hili lina fadhili kubwa: huchanua kivulini, ambako maua mengi hukataa. Katika miaka ya 1960 Claude Hope, Mmarekani aliyefanya kazi yake huko Costa Rica, alilea aina fupi zenye matawi mengi ziitwazo Elfin, na tangu hapo impatiensi ikawa miongoni mwa maua ya msimu yaliyouzwa kwa wingi kabisa katika Marekani na Uingereza. Kila mwaka zilitokea aina mpya: nyeupe, za chungwa, za zambarau, zenye mistari, zenye petali nyingi kama waridi dogo. Waamuzi walipima rangi, walipima kimo, walipima wingi wa maua. Tuzo zilitolewa, nazo zilikuwa za haki.

Kisha ukaja ugonjwa wa ukungu. Majani hugeuka manjano na kuinama. Ukiligeuza jani utaona chini yake unga mweupe kama wa mhogo. Maua huanguka, majani huanguka, hubaki mashina matupu. Mbegu za ukungu huo huchukuliwa na upepo na matone ya maji kutoka tuta hata tuta. Ulionekana katika bustani za Uingereza mwaka 2003, ukazidi huko mwaka 2011, na katika mwaka huo na mwaka 2012 ukaenea katika majimbo mengi ya Marekani. Matuta yaliyokuwa mazuri yalipukutika katika muda wa wiki chache. Nyeupe zilikufa, nyekundu zilikufa, fupi na ndefu zilikufa pamoja. Aina nyingi namna ile, zilizochaguliwa kwa uangalifu miaka mingi, zilikuwa na udhaifu mmoja, nao haukujulikana kwa kuwa hapana aliyekuwa na sababu ya kuuliza habari zake.

Wasikilizaji, hili ndilo jambo kubwa katika hotuba yangu ya leo. Jaribio hulijibu swali lililoulizwa, wala halijibu lisiloulizwa. Mkipima rangi mtaijua rangi. Hamtajua habari za ugonjwa msioupima, wala ukame ambao haukutokea mwaka ule. Aina iliyopata alama 5 katika mwaka mwema imethibitishwa kwa mwaka mwema tu.

Watengenezaji wa mbegu walirudi kazini wakiwa na swali jipya. Njia ya kuupima ustahimilivu ni kuupeleka mmea penye ugonjwa wenyewe: miche mizima hupandwa kati ya miche inayougua, na ile itakayosimama hali jirani zake zimeanguka ndiyo huchaguliwa kuwa wazazi. Kwa kazi ya namna hiyo zimepatikana aina zinazoustahimili sana ukungu ule. Moja, iliyotolewa na kampuni ya PanAmerican Seed, yaitwa Beacon. Nyingine imetolewa na kampuni ya Syngenta, na jina lake ni Imara, neno ambalo hapana msikilizaji wetu anayehitaji kufasiriwa. Ua lilitoka kwetu kama mtoto wa msituni, likaenda ughaibuni likavikwa rangi nyingi, likaugua, na liliposimama tena likapewa jina la Kiswahili.

Basi sisi tufanyeje? Nashauri kila shule yenye kipande cha ardhi, hata kama ni kidogo, ifanye jaribio moja kwa mwaka. Nitaeleza jaribio la zinia, kwa kuwa zinia huota upesi, mbegu zake ni kubwa na rahisi kushikwa na watoto.

Chagueni aina nne: tatu ziwe mpya, na ya nne iwe ile ambayo watu wa hapo wameizoea. Ya nne ndiyo mizani yenu. Bila hiyo hamna cha kulinganisha. Hesabuni mbegu 100 za kila aina, mzipande katika visanduku vya udongo mwororo, na kuandika ni ngapi zilizoota kila siku. Kama zimeota 60 tu, mmekwisha kujua jambo moja ambalo picha ya pakiti haikusema. Ongezeni mbegu ili mpate miche 80 ya kila aina.

Tengenezeni matuta manne, kila moja likiwa na vipande vinne, na kila kipande kiwe na miche 20, yaani mistari 4 ya miche mitano mitano, nafasi ya futi 1 kati ya mche na mche. Kila aina ipate kipande kimoja katika kila tuta. Mwalimu azipe aina namba, aandike siri hiyo katika karatasi na kuifunga ndani ya bahasha. Wanafunzi waandike namba hizo katika vikaratasi, wavitie ndani ya kofia, na kuvitoa kimoja kimoja. Namba itokayo kwanza ipandwe katika kipande cha kwanza cha tuta la kwanza, na kuendelea hivyo. Wapige kura upya kwa kila tuta.

Wakati wa kupima, msiihesabu mimea ya pembeni, maana ile hupata nafasi na mwanga kupita wenzake. Katika kipande cha mistari 4 ya miche 5, mimea ya katikati ni 6. Kwa matuta manne mtakuwa na mimea 24 ya kila aina, na hiyo yatosha kwa kazi ya shule. Samadi, maji na palizi viwe sawa kwa vipande vyote. Mwanafunzi akikimwagilia zaidi kipande akipendacho, amelivunja jaribio lote.

Andikeni mambo machache, lakini myaandike kila wiki bila kukosa: siku tangu kupanda mpaka nusu ya mimea ifungue ua la kwanza, kimo cha mmea na upana wa ua kwa inchi, mimea iliyotoka tofauti na wenzake kwa rangi au kwa umbo, na hali ya majani. Neno la majani lina maana sana kwa zinia, kwa kuwa zinia za kawaida hushikwa upesi na ukungu mweupe. Mwaka 1999 zinia ziitwazo Profusion, kazi ya kampuni ya Sakata ya Ujapani, zilipata nishani ya dhahabu huko Marekani. Zilitokana na kuchanganya jamii mbili, moja yenye maua ya kupendeza na nyingine yenye majani yanayostahimili, na ustahimilivu huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kusifiwa kwake. Mpimaji aliyetazama maua peke yake asingeuona.

Mwisho wa msimu jumlisheni alama, kisha ndipo mfungue bahasha. Msiifungue mapema, hata mkiombwa. Na huenda mkaona kwamba aina ya zamani imezishinda zote tatu mpya. Msihuzunike, jaribio halikushindwa. Limewaokoa na gharama ya kununua kitu kisichopita mlicho nacho.

Neno la mwisho ni juu ya mbegu za mwaka ujao. Nyingi katika aina mpya ni chotara, yaani zimezaliwa na wazazi wawili walio mbali mbali. Mbegu mtakazozichuma hapo zitaota, lakini watoto hawatafanana wote na mama yao. Kwa hiyo katika hesabu zenu ongezeni swali hili pia: je, aina hii itatulazimu kununua pakiti kila mwaka, au twaweza kuchuma mbegu zetu wenyewe? Kwa shule yenye mfuko mwembamba, ua zuri kiasi ambalo mbegu zake hazibadiliki laweza kuwa bora kuliko ua la ajabu la msimu mmoja.

Daftari la jaribio na liwekwe mahali pa salama, lenye mwaka, mvua, tarehe na alama zote, ili mwalimu atakayekuja baadaye aanzie pale mlipofika. Daftari la miaka mitano la shule moja litawaambia watu wa kijiji kile mambo ambayo hayamo katika pakiti yo yote duniani. Nawatakia mvua za kiasi na mikono yenye subira. Kwaherini.